Mgeni Aliyeshika Jembe: Basil Davidson na Haki ya Kusimulia Historia Yetu

Wazee wetu wametuachia methali mbili juu ya mgeni, nazo kwa sikio la haraka zaweza kudhaniwa kuwa zapingana. Ya kwanza yasema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ya pili yasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali ya kwanza yamkaribisha mgeni kwa kuwa macho yake huona yale ambayo mwenyeji ameyazoea hata hayaoni tena, na huenda mkobani mwake mna dawa ambayo haimo nyumbani. Methali ya pili yamkumbusha kila mmoja kwamba heshima ya ugeni ina kikomo. Anayetaka kukaa na watu, ale wanachokula, na alime wanapolima. Wahenga hawakujipinga. Walitambua kwamba mgeni aweza kuleta uponyaji, lakini walijua pia kwamba haki ya kuitwa mtu wa nyumbani hupatikana kwa jasho.

Katika insha hii tunakusudia kuzipima methali hizo katika jambo lililo zito kuliko shamba la mahindi, yaani historia ya watu. Mwalimu yeyote aliyefundisha somo la historia katika shule zetu hawezi kushangaa akiulizwa na mwanafunzi: kwa nini kitabu kisimuliacho habari za babu zetu kimeandikwa na Mzungu? Swali hilo si la utovu wa adabu. Ni swali la haki. Je, mtu asiyezaliwa katika nchi aweza kuwa na haki ya kusimulia historia ya nchi hiyo? Ikiwa aweza, haki hiyo aipate kwa njia gani? Na baada ya mgeni kusimulia, sisi wenyeji tunabaki na wajibu upi? Ili tusizungumze hewani tutatazama maisha na kazi ya mtu mmoja, Basil Davidson, Mwingereza aliyeandika vitabu vingi vya historia ya Afrika kwa ajili ya wasomaji wa kawaida.

Kwanza yatupasa kukumbuka hali ilivyokuwa kabla ya vitabu vyake. Mtoto wa Kiafrika aliyebahatika kuingia shule katika zama za ukoloni alifundishwa habari za wafalme wa Uingereza, na habari za bara lake mwenyewe zilianza siku Mzungu wa kwanza aliposhuka pwani. Kabla ya hapo, aliambiwa, palikuwa na giza. Fikira hiyo haikuwa ya walimu wadogo wadogo tu. Mwaka 1963, wakati Tanganyika ilikuwa imekwisha kuwa Jamhuri, mwanahistoria mashuhuri wa Chuo Kikuu cha Oxford, Hugh Trevor-Roper, alitamka hadharani kwamba historia ya Afrika haikuwapo, ila historia ya Wazungu katika Afrika, na kwamba yaliyosalia yalikuwa giza. Usemi kama huo una madhara makubwa kuliko mjeledi. Mjeledi huumiza mgongo, na mgongo hupona. Mtu akiaminishwa kwamba hakuwa na jana, humwia vigumu kudai kesho. Hapo ndipo ilipo kasumba ambayo tumekuwa tukipambana nayo tangu tupate uhuru.

Aliyesaidia kuibomoa fikira hiyo hakutoka katika kumbi za vyuo vikuu. Basil Davidson alizaliwa Bristol, Uingereza, mwezi Novemba mwaka 1914. Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 16, wala hakupata kusoma shahada. Miongoni mwa kazi zake za kwanza ilikuwa kubandika matangazo ya ndizi katika madirisha ya maduka. Kutoka hapo akajipenyeza katika uandishi wa magazeti, akajifunza ufundi ambao baadaye ungekuwa silaha yake kubwa: kutazama kwa makini, kuuliza bila kuchoka, na kuandika kwa namna ambayo mtu aliyechoka na kazi ya mchana aweza kuisoma jioni na kuielewa.

Vita Kuu ya Pili vilimpa darasa la namna nyingine. Aliingizwa katika idara ya siri ya Uingereza iliyosaidia wapiganaji katika nchi zilizotekwa na majeshi ya Hitler na Mussolini, na mwaka 1943 aliteremshwa kwa mwavuli nchini Yugoslavia kuishi na wapiganaji wa msituni. Mwaka 1945 alikuwa na wapiganaji wa Italia karibu na mji wa Genoa. Katika vijiji vya Yugoslavia alilishwa na kufichwa na wakulima maskini ambao wangeuawa kama angegunduliwa kwao. Hapo alijifunza somo ambalo hakuna chuo kingeweza kumfunza, kwamba watu wanaodharauliwa, wasio na silaha nzito wala elimu ya vitabu, waweza kuamua mwelekeo wa historia yao wakiaminiana na wakijua wanachokipigania. Tunalitaja jambo hili kwa sababu maalumu. Alipofika Afrika baadaye hakuja na macho ya mtawala, wala ya mfadhili aletaye sadaka. Alikuja na macho ya mtu aliyekwisha kuokolewa maisha yake na wanyonge.

Baada ya vita alirudi katika magazeti. Mwaka 1951 alisafiri Afrika Kusini, na mwaka uliofuata akatoa kitabu kilichoeleza wazi ukatili wa siasa ya ubaguzi wa rangi iliyokuwa ikijengwa huko. Malipo yake yalikuwa kupigwa marufuku kuingia nchini humo. Lakini safari zake zilimfungulia swali jingine lililo pana zaidi. Aliona kwamba dhuluma yote ile ilisimama juu ya nguzo moja ya uongo, nayo ni dai kwamba Mwafrika hajapata kujenga, kutawala, wala kufikiri jambo la maana mpaka alipofundishwa. Akatambua kwamba kuishutumu dhuluma bila ya kuing'oa nguzo yake ni kukata matawi na kuuacha mzizi. Basi mwandishi wa habari za leo akageuka kuwa mwandishi wa habari za kale.

Mwaka 1959 kilitoka kitabu chake kiitwacho *Old Africa Rediscovered*, maana yake Afrika ya kale iliyogunduliwa upya. Humo alikusanya mambo ambayo yalikuwa yametawanyika katika taarifa za wachimbuaji wa mambo ya kale, katika maandishi ya wasafiri wa Kiarabu, na katika kumbukumbu za Wareno, akayasuka kuwa masimulizi mamoja. Alieleza habari za Kush na Meroe, za Ghana ya kale, Mali na Songhai. Nasi wa Afrika Mashariki alituonyesha Kilwa. Mji huo ulitembelewa na Ibn Battuta mwaka 1331, naye akausifu kuwa miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vyema. Kilwa ilipiga sarafu zake yenyewe za shaba, ilinunua vyombo vya kauri kutoka China, na ilitawala biashara ya dhahabu iliyoteremka kutoka bara hadi Sofala. Walioleta uharibifu mwaka 1505 walikuwa Wareno wa Francisco de Almeida, waliojiita wastaarabu.

Dhahabu ile ilitoka katika nyanda za Zimbabwe, na huko nako palikuwa na mgogoro juu ya ukweli. Kuta kubwa za mawe za Zimbabwe, zilizojengwa bila ya chokaa, zilidaiwa na walowezi kuwa kazi ya Wafoinike, au ya watu wa Malkia wa Sheba, mradi tu zisiwe kazi ya Waafrika. Tangu mwaka 1905 mtaalamu Randall-MacIver, na tena mwaka 1929 Bibi Gertrude Caton-Thompson, walikuwa wamekwisha kuthibitisha kwamba waliozijenga ni Waafrika wenyewe. Kwa nini basi uongo uliendelea kuishi? Kwa sababu ukweli ulikuwa umelala katika taarifa za kitaalamu zilizosomwa na wachache, na uongo ulikuwa ukitembea barabarani. Hata katika utawala wa Ian Smith, Peter Garlake, mchimbuaji wa mambo ya kale aliyekataa kuupinda ukweli huo, alilazimika kuondoka Rhodesia mwaka 1970. Baadaye sarafu ya Kilwa ilipatikana katika magofu hayo ya Zimbabwe, ushahidi mdogo wa shaba kwamba watu wa pwani na watu wa bara walijuana kabla ya meli ya kwanza ya Wareno.

Hapa ndipo tunapoliona swali la kwanza la kimaadili: je, kazi ya mwandishi wa historia kwa ajili ya umma ni kazi duni? Wako wasomi waliomtazama Davidson kwa jicho la pembeni. Walisema kwamba hakuwa na shahada, kwamba alitegemea uchunguzi wa wengine, na kwamba aliandika kwa urahisi mno. Twakubali kwamba hakuchimba Kilwa kwa mikono yake, wala hakugundua hati mpya katika kila sura. Lakini mbegu iliyofungiwa ghalani haimshibishi mtu. Yuko anayeipata mbegu bora kwa uchunguzi wa miaka mingi, na yuko anayeibeba hadi shambani kwa mkulima. Anayeibeba aweza kukosea kwa kumwaga nyingine njiani, na ni wajibu wetu kumsahihisha. Lakini tukimdharau kwa kuwa hakuigundua yeye, tutakuwa tumesahau kwamba mbegu ilikusudiwa kupandwa. Elimu ya historia ni mali ya watu ambao historia hiyo ni yao. Anayeirudisha kwao kwa lugha inayoeleweka anarudisha mali iliyoibwa.

Kazi hiyo iliingia hata madarasani kwetu. Mwaka 1967 kilitoka kitabu cha historia ya Afrika Mashariki na ya Kati hadi mwisho wa karne ya 19, kilichokusudiwa kwa shule za sekondari. Davidson alikiandika pamoja na Mtanzania J. E. F. Mhina, kwa ushauri wa mwanahistoria wa Kenya, Bethwell Ogot. Tunaomba msomaji autazame vyema mpango huo. Mgeni hakujifungia chumbani na kuwaletea wenyeji kitabu kilichokwisha kupikwa. Aliketi nao jikoni. Mwanzo wa haki ya mgeni ni kukubali kwamba yuko mwenyeji anayejua zaidi yake, na kumpa mwenyeji huyo nafasi ya kumsahihisha kabla maneno hayajapigwa chapa.

Sasa tuje kwenye jembe. Katika miaka ya 1960 makoloni ya Ureno yalikuwa yakipigania uhuru wao kwa silaha. Magazeti mengi ya Ulaya yaliandika habari za vita hivyo kwa kunakili taarifa za jeshi la Ureno. Davidson aliona kwamba asiyekwenda hawezi kujua. Mwaka 1967 aliingia katika misitu ya Guinea-Bissau pamoja na wapiganaji wa chama cha PAIGC kilichoongozwa na Amílcar Cabral. Mwezi Julai mwaka 1968 alikuwako kwenye Mkutano Mkuu wa pili wa FRELIMO uliofanyika ndani ya ardhi ya Msumbiji, katika jimbo la Niassa, ng'ambo ya mto Ruvuma. Mwaka 1970, akiwa na umri wa miaka 55, alitembea kwa miguu mashariki ya Angola pamoja na wapiganaji wa MPLA. Alikula chakula chao na kulala walipolala. Kutoka katika safari hizo alitoa vitabu juu ya Guinea-Bissau mwaka 1969, chenye dibaji ya Cabral mwenyewe, na juu ya Angola mwaka 1972.

Sisi Watanzania hatuna haja ya kuelezwa uzito wa jambo hilo. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam mwezi Juni mwaka 1962, na ni Dar es Salaam pia ambako rais wake wa kwanza, Eduardo Mondlane, aliuawa kwa bomu tarehe 3 Februari 1969. Wananchi wetu wa mikoa ya kusini waliwapokea wakimbizi na wapiganaji. Kwa hiyo Davidson alipoandika kwamba vita vile havikuwa fujo za magaidi, bali vilikuwa juhudi ya watu kujitawala, kuanzisha shule na zahanati katika maeneo waliyoyakomboa, aliandika jambo ambalo ndugu zetu wa mpakani walikuwa wakiliona kwa macho yao. Tofauti ni kwamba sauti yake ilisikika London na Lisbon, mahali ambapo sauti ya mkulima wa Niassa haikufika.

Lakini hapa tunakutana na pingamizi ambalo hatuna budi kulijibu kwa uaminifu. Mtu akisema: mwanahistoria anayetembea na wapiganaji wa upande mmoja amekwisha kuchagua upande, naye hawezi tena kuaminiwa. Pingamizi hili lina nguvu, wala si vyema kulikwepa kwa kelele za kisiasa. Tunalijibu kwa kutofautisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa: kuwa na upande, na kusema uongo. Hakimu anayechukia wizi ana upande, kwa maana anapenda haki. Lakini akimfunga mtu bila ushahidi kwa kuwa anachukia wizi, amekuwa mwizi wa namna nyingine. Waliojidai kuwa hawana upande, wakaandika kwamba Afrika haina historia, walikuwa na upande tena mkubwa, ila hawakuutaja. Mwandishi anayetaja upande wake mbele ya msomaji amempa msomaji mizani ya kumpimia. Kipimo cha haki yake, basi, ni kama yuko tayari kuuandika ukweli hata unapowaumiza wale anaowapenda.

Tukimpima Davidson kwa kipimo hicho, twapata mambo mawili ya kuyaangalia. La kwanza ni biashara ya utumwa. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1961 juu ya biashara hiyo, ingekuwa rahisi kwake kuandika kwamba Wazungu peke yao walikuwa waovu na Waafrika wote walikuwa wahanga. Hakufanya hivyo. Alieleza jinsi wafalme na wafanyabiashara wa Kiafrika walivyokuwa washirika katika kuuza watu, na jinsi ushirika huo ulivyowaharibu hata wao. Mfano ulio wazi ni wa mfalme Afonso wa Kongo, ambaye mwaka 1526 alimwandikia mfalme wa Ureno akilalamika kwamba wafanyabiashara wanaiteka nchi yake watu, hata wana wa wakubwa na jamaa zake mwenyewe. Mlango ukiisha kufunguliwa kwa kuuza mateka, hauchagui tena ni nani apite. Habari hii ni chungu, nasi wa pwani na wa bara ambako misafara ya pembe na watumwa ilipita tunazo habari zetu zinazofanana nayo. Rafiki anayetuficha ugonjwa wetu anatusaidia kufa kwa raha.

Jambo la pili ni gumu zaidi. Mwaka 1992, akiwa mzee aliyekaribia miaka 80, Davidson alitoa kitabu kiitwacho *The Black Man's Burden*. Mtu aliyetumia nusu ya maisha yake kutetea uhuru wa Afrika sasa alikaa akaandika juu ya yale yaliyoharibika baada ya uhuru. Hoja yake ilikuwa kwamba viongozi wengi waliirithi dola ya kikoloni kama ilivyokuwa, na mipaka yake, na mazoea yake ya kuamrisha kutoka juu, wakaiacha kando hekima ya kale ya Waafrika ya kuwawajibisha watawala. Kwa hiyo dola ikawa mzigo juu ya watu badala ya kuwa chombo chao. Twaweza kutokubaliana naye katika sehemu za hoja hiyo. Wako watakaosema kwamba hakuyapima vya kutosha mashinikizo ya uchumi wa dunia, au kwamba nchi zote hazikufuata njia moja. Lakini hatuwezi kusema kwamba upendo wake ulimfunga kinywa. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, na ni vigumu zaidi kuusema ukweli mezani kwa rafiki kuliko uwanjani kwa adui.

Kwa hiyo jibu letu kwa mwanafunzi yule aliyeuliza ni hili. Ndiyo, mgeni aweza kupata haki ya kusimulia historia yetu. Haki hiyo haitokani na rangi yake, wala haizuiwi na rangi yake. Haitokani hata na shahada. Hutokana na mambo matatu: kwenda na kuona, kukaa na wenyeji na kukubali kusahihishwa, na kusema kweli hata inapouma. Na tukilikubali jibu hilo, lazima tukubali pia upande wake wa pili, ambao huenda usitupendeze. Mwenyeji naye hana haki ya kusimulia kwa kuzaliwa tu. Mwananchi anayeandika historia ya kabila lake bila ya kuuliza wazee, au anayeficha aibu za ukoo wake na kutangaza fahari peke yake, hana ubora wowote juu ya mgeni mwongo. Damu haimfanyi mtu kuwa shahidi.

Hata hivyo, kazi ya mgeni ina mipaka, na mipaka hiyo ndiyo inayotuonyesha wajibu wetu. Kitabu cha mwaka 1959 kilielekea zaidi kwenye miji, falme, dhahabu na kuta za mawe. Twaelewa sababu. Aliyetukanwa kwamba hana nyumba, jibu lake la kwanza ni kuonyesha nyumba. Lakini jibu hilo lina mtego ndani yake. Tukizoea kuthibitisha utu wetu kwa majumba ya wafalme, tutakuwa tumekubali kipimo cha yule aliyetutukana, kwamba asiye na jumba si mtu. Je, wale ambao hawakujenga kwa mawe? Mfugaji aliyejua majira ya mvua na malisho, mfua chuma aliyeyeyusha udongo mwekundu, mwanamke aliyechagua mbegu za mtama mwaka baada ya mwaka mpaka akapata zile zinazostahimili ukame, hao nao wana historia, na huenda ndiyo iliyotuwezesha kuwapo hata leo. Historia hiyo haikuandikwa katika vitabu vya wasafiri. Imo katika lugha zetu, katika nyimbo za jando na unyago, katika majina ya mito na vilima. Hakuna mgeni mmoja, hata awe mwema namna gani, awezaye kuzijua lugha hizo zote.

Tena vitabu vya Davidson viliandikwa kwa Kiingereza. Mkulima wa Songea na mvuvi wa Kilwa, ambaye magofu yamo uani kwake, hawakuweza kuvisoma. Zawadi ile iliwekwa juu ya rafu ndefu, na wachache tu miongoni mwetu tuliikuta tuna ngazi. Hilo si kosa la mgeni. Aliandika kwa lugha yake, kwa watu wake kwanza, kwa kuwa wao ndio waliokuwa wameuamini uongo. Kuiteremsha zawadi ile na kuigawa kwa Kiswahili ni kazi ya mwenyeji. Mgeni ametuonyesha kwamba historia yaweza kuandikwa kwa lugha nyepesi bila ya kupoteza ukweli. Sisi tutakuwa na udhuru gani tukiendelea kuiandika kwa namna ambayo wazazi wetu hawawezi kuisoma?

Wala hatusemi kwamba wenyeji walilala. Isaria Kimambo alichunguza historia ya Upare kwa kuwasikiliza wazee wa Kipare, na mwaka 1969 yeye na Arnold Temu walihariri kitabu cha historia ya Tanzania ambacho waandishi wake walimtazama Mwafrika kuwa mtendaji katika historia yake. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kukusanya kumbukumbu za Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907 kutoka kwa watu walioviona kwa macho yao. Tuufikirie wakati ule. Zilikuwa zimepita zaidi ya miaka 60 tangu vita, na wazee wale walikuwa katika siku zao za mwisho. Laiti vijana wale wangechelewa kwa miaka 15 tu, maneno mengi yangekwenda kaburini, na sisi tungebaki na taarifa za maofisa wa Kijerumani peke yake.

Basil Davidson alifariki mwezi Julai mwaka 2010, akiwa na umri wa miaka 95. Mashujaa wengi aliotembea nao msituni walikuwa wamemtangulia. Cabral aliuawa Conakry mwezi Januari mwaka 1973, hata hakuiona bendera ya nchi yake ikitambuliwa na Ureno. Mgeni yule alikuja, akaona, akashika jembe, akalima sehemu yake, akaenda zake. Kwa adabu ya wazee wetu yatupasa kumshukuru. Lakini shukrani ya mwenyeji kwa mgeni aliyelima si kukaa barazani na kulisifu tuta lake. Ni kuingia shambani.

Basi, ndugu mwalimu, na wewe mwanafunzi, katika kijiji au mtaa wako yuko mzee ambaye anakumbuka jambo ambalo hakuna kitabu kimelitaja: jinsi shule ya kwanza ilivyojengwa, jinsi njaa fulani ilivyovumiliwa, jinsi watu walivyohamia kijiji kipya na nani alikataa kuhama na kwa nini. Mwendee. Mwamkie kama ipasavyo, kaa chini, umsikilize, uyaandike anayoyasema pamoja na yale yasiyokupendeza, kisha umwulize mzee wa pili aliyeyaona mambo hayo hayo kwa jicho jingine. Jembe limeegemezwa ukutani, na mpini wake bado ni mzima.